Jenereta ya nyumbani na ya safari: anza na mota ya pampu

Swali: Tunaishi Iringa mjini. Umeme ukikatika tunataka kuwasha taa nane, televisheni na king'amuzi, intaneti, kompyuta mpakato moja, friji, na pampu ya kisima ya HP 1. Mara chache kwa mwaka tunakwenda Matema, Ziwa Nyasa, na tungependa kubeba jenereta hiyo hiyo kwa taa, muziki na kuchaji simu. Dukani nimeonyeshwa moja ya "kVA 3.5", wanasema nyaya zake za ndani ni kopa (shaba) tupu, na bei yake ni nzuri. Niinunue?

Jibu: Usiinunue bado, ndugu yangu. Orodha yako ina vitu vya aina mbili, na muuza duka amevihesabu kama aina moja. Taa, televisheni, intaneti na kompyuta hula umeme uleule tangu unapoviwasha mpaka unapovizima. Friji na pampu zina mota, na mota inapoamka huvuta umeme mara tatu hadi nane ya ule inaoutumia ikishachanganya. Mvuto huo hudumu sekunde moja au pungufu, lakini jenereta isiyoweza kuubeba huelemewa papo hapo. Ukubwa wa jenereta yako utaamuliwa na sekunde hiyo.

Tufanye hesabu ya nyumba yako. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72. Televisheni ya inchi 43 ihesabie 100, king'amuzi 20, kifaa cha intaneti 10, kompyuta 65, na simu nne zikichaji pamoja 40. Jumla ni wati 307. Friji ya kawaida ya nyumbani ikishachanganya hula kama wati 150, ila kompresa yake inapoamka huomba kati ya 800 na 1,200. Tuchukue 900. Basi bila pampu, wakati mgumu kuliko wote kwa nyumba yako ni 307 na 900, yaani kama 1,200.

Sasa ingiza pampu. HP 1 ni wati 746, lakini hizo ni zile zinazotoka kwenye shafti ya mota. Zinazoingia kutoka kwenye waya ni kama 1,100, kwa kuwa mota ndogo za fezi moja hupoteza nyingi kwa joto. Kuamka kwake, tukikadiria mara tatu tu, ambayo ni kadirio la huruma, ni 3,300. Ongeza zile 307 na friji iliyokwisha kuchanganya, unafika 3,750. Kitu kimoja kimeipandisha hesabu mara tatu.

Na kwa kuwa uko Iringa, hesabu haijaisha. Injini ya petroli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari, maana hewa ya juu ni nyepesi na mafuta hayapati oksijeni ya kutosha. Mji wenu uko kama mita 1,550, kwa hiyo ondoa asilimia 15. Gawa mahitaji yako kwa 0.85: bila pampu unahitaji jenereta ya takriban 1,420, ukiwa na pampu, 4,400. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam hana haja na hatua hii, ila wa Njombe na Mbeya anaihitaji kuliko wewe.

Turudi kwenye ile ya dukani, ya "kVA 3.5", yaani kama wati 3,500 kwa madai ya stika. Usisome stika iliyobandikwa kwenye tangi, soma ujazo wa injini. Injini za umbo hilo nyingi ni za sentimita za ujazo 196, 208 au 212, na injini ya namna hiyo hubeba wati 2,000 hadi 2,500 za kudumu ikiwa usawa wa bahari. Kwa Iringa hesabu 1,700 hadi 2,100. Hakuna stika itakayoigeuza kuwa 3,500. Jenereta inayotoa 5,000 kwa kweli huwa na injini ya 389 au 420. Pia tazama kama namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya "Max" au ya "Rated". Ya kwanza ni kilele ambacho mashine hukivumilia kwa muda mfupi. Ya pili ndiyo nguvu ya kudumu, na ndiyo unayonunua. Duka likishindwa kukuonyesha namba ya pili kwenye bamba la chuma au kwenye kitabu chake, nenda duka lingine.

Ukiilazimisha jenereta hiyo iwashe pampu, itatokea hivi: pampu inaguruma bila kuzunguka, taa zinafifia, umeme unakuwa mdogo, volti 160 au chini yake. Mota isiyozunguka haina kitu cha kuuzuia umeme, kwa hiyo inaendelea kuvuta wingi wa kuamkia na kuchemka. Huanza kufa kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuamka, kisha nyaya za ndani. Kama friji ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo, kompresa yake nayo inajaribu kuamka kwa umeme mdogo na kuumia vilevile. Baadaye watu husema "umeme wa jenereta ni mbaya", kumbe ulikuwa haba.

Ushauri wangu ni kuitoa pampu kwenye orodha. Weka tanki la lita 1,000 au 2,000 juu ya mnara, na swichi ya boya inayowasha pampu kila maji yanaposhuka, ili tanki lijae wakati umeme wa TANESCO upo. Watu sita wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa siku humaliza lita 360, hivyo tanki la 1,000 huwapeleka karibu siku tatu. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, na kukatika kwa nguzo, mti au transfoma kwa kawaida ni kwa saa kadhaa. Tanki linakuvusha. Huna sababu ya kununua mashine kubwa mara tatu, uilishe mafuta na kuitunza, kwa ajili ya kifaa kinachoweza kufanya kazi yake jana yake.

Kama pampu haiwezi kusubiri, labda una mifugo wengi au huna mahali pa tanki, basi nunua ya kawaida ya 5 kVA yenye kidhibiti volti, kile ambacho mafundi hukiita AVR, na usahau kuibeba kwenda Matema. Ina kilo 75 hadi 90. Hata ikiwasha taa na friji tu, itakunywa zaidi ya lita moja ya petroli kwa saa, kwa sababu inazunguka mara 3,000 kwa dakika muda wote, kazi iwe nyingi au ndogo. Ndiyo njia yake pekee ya kutoa umeme wa hezi 50.

Kwa mahitaji yako mengine yote, nyumbani na ziwani, inayokufaa ni jenereta ya inveta yenye nguvu ya kudumu ya wati 1,800, ambayo aghalabu huuzwa kwa jina la 2 kVA au 2.2. Kwa Iringa itakupa kama 1,530, na wewe unahitaji 1,207. Jenereta za aina hii hugeuza umeme wake kuwa wa moja kwa moja kama wa betri, kisha kuutengeneza upya kuwa volti 230 na hezi 50. Kwa hiyo mwendo wa injini haufungwi tena na hezi, na inaweza kupunguza mbio kazi ikiwa ndogo. Zilizo nzuri, zikibeba robo ya uwezo, yaani karibu wati 450 kama nyumba yako ilivyo, hula kama nusu lita kwa saa. Uzito wake ni kilo 20 na kitu, mtu mmoja anaiinua. Kelele yake, ukisimama mita saba, ni desibeli 55 hadi 65, wakati ya kawaida ya wazi hufika 70 na kupita. Kwa sikio la binadamu kila desibeli 10 ni kama sauti kuongezeka maradufu, na jirani zako kule ufukweni watakuombea dua kwa tofauti hiyo.

Kupunguza mbio huko huwashwa kwa swichi iliyo kwenye jenereta, nayo ina kasoro moja. Friji inapoamka ghafla injini iko taratibu, na hukawia kupandisha mwendo. Izime swichi hiyo kwanza, washa friji, subiri ichanganye, kisha chomeka vingine. Ukiona friji inaisumbua kila kompresa inaporudi kazini, acha swichi imezimwa muda wote friji ikiwa kwenye laini.

Gharama yake ya kweli iko kwenye matengenezo. Bei ya kununulia huwa juu sana kuliko ya kawaida ya nguvu hiyo hiyo, na ubao wake wa elektroniki ukiungua, mafundi wanaoweza kuurekebisha ni wachache. Kwa kawaida unabadilishwa mzima, na ni ghali. Kabla ya kulipa, uliza duka swali moja: ubao, kabureta na kamba ya kuwashia vinapatikana wapi nchini? Majina makubwa ya Kijapani yanaigwa sana, hivyo linganisha namba ya injini na ya kwenye karatasi ya dhamana, na nunua kwa wakala anayetambulika. Mtumba kutoka Japani, hata ukiwa wa jina halisi, nyingi hutoa volti 100, si 230. Ukichomeka kifaa chetu hapo hakitafanya kazi ipasavyo, na transfoma ya kupandishia volti ni mzigo mwingine wa kubeba na kununua.

Kuhusu vile vidogo vya tu-stroki vilivyoandikwa 950, vinavyouzwa kila mahali: nguvu yao ya kudumu ni kama wati 650. Taa, simu na televisheni vinaweza, friji hapana. Vinataka oili ichanganywe ndani ya petroli, kwa kawaida mililita 20 kwa lita, na siku mtu akiisahau injini inanoki.

Neno "kopa" lisikupe usingizi. Nyaya za alumini hupakwa vanishi ya rangi ileile ya shaba, kwa hiyo kuchungulia kwenye matundu hakusaidii. Alumini hukinza umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na ikikunjwa kwa unene uleule hupata joto na kuungua mapema. Kipimo cha haraka ni mzani: jenereta ya kawaida ya wati 2,000 hadi 2,500 yenye shaba huwa na uzito wa kilo 40 hadi 47. Ikiwa nyepesi kuliko hapo kwa kilo kadhaa, muulize muuzaji uzito huo umetoka wapi.

Nenda dukani na pasi ya wati 1,000 hadi 1,200 na kipima volti. Pasi haina mota wala elektroniki, inakula inachosema. Iwashe jenereta bila mzigo, pima. Kisha chomeka pasi kwenye joto la mwisho na upime tena. Inveta haipaswi kushuka zaidi ya volti chache. Ya kawaida yenye AVR inaweza kutoka 235 hadi 220 bila kosa, ila ikishuka chini ya 210 kwa pasi tu, iache. Pasi hujizima ikishapata joto, kwa hiyo ipoze kwa kitambaa kibichi na urudie hadi jenereta iwe imebeba mzigo kwa jumla ya dakika kumi. Sikiliza injini: kama inapanda na kushuka kama anayehema, kabureta au gavana (kidhibiti mwendo wa injini) ina tatizo, na mpya haipaswi kuwa hivyo.

Ukishaifikisha nyumbani, kabla hujaivuta kamba, weka oili. Jenereta nyingi husafirishwa zikiwa kavu, na injini nyingi hufa siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Zina kihisi kinachozuia injini isiwake oili ikiwa chini, lakini usimwachie kihisi kazi ya macho yako. Injini ya 200 hivi huchukua lita 0.6, ya inveta ndogo hutosheka na karibu lita 0.4, soma kitabu chake. Oili ya daraja la SAE 10W-30 inafaa kwa baridi ya Iringa. Isimamishe mahali tambarare. Injini nyingi hupimwa oili kijiti kikiwa kimeingizwa tu bila kuzungushwa. Mwaga oili ya kwanza baada ya saa 20, kwa sababu ina vumbi la chuma kutokana na vipuri vipya kusuguana, kisha kila saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa lioshe kila saa 50, na barabara ikiwa ya vumbi mapema zaidi. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8.

Sasa la kuiunganisha na nyumba. Kuna watu wanaotengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja jenereta, mwingine soketi ya ukutani. Usifanye, na ukiuona kwa jirani umwambie. Umeme huo unapita kwenye mita kurudi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaa, ambayo kazi yake ni kushusha 11,000 au 33,000 kuwa 230, inafanya kinyume chake. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anakutana na maelfu ya volti kutoka nyumbani kwako. Na umeme ukirudi ghafla, jenereta yako inaungua. Meno ya plagi ile ya pili nayo yana umeme wakati yako wazi, mtoto akiigusa basi.

Kwa ukubwa ninaokushauri, huna haja ya kuunganisha nyumba nzima. Waya wa kurefushia wenye nyuzi tatu za milimita 2.5 za mraba, mita 20, ukiingia kupitia dirishani, na soketi nyingi mwishoni, unatosha friji, televisheni na taa mbili tatu za kuchomeka. Ufungue wote kutoka kwenye kibiringo chake, maana waya uliozungushwa hupata joto. Ukitaka taa za dari, muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, afunge swichi ya chenjiova yenye nafasi tatu, TANESCO, sifuri, jenereta, baada ya mita ya LUKU, inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Mkumbushe ethi, yaani waya wa kwenda ardhini: nyutro ya jenereta ndogo nyingi haijaungwa na chuma chake, na katika hali hiyo breka ya kuzuia umeme unaovuja haifanyi kazi hata kama ipo ukutani. Asome kitabu cha mashine, achimbie fimbo ya ethi, na kuunga nyutro na ethi upande wa jenereta kama mtengenezaji anaruhusu. Heta ya kuogea isahau kabisa. Zile za papo hapo hula wati 4,500 na zaidi, na birika la umeme la 2,000 nalo limekupita.

Moshi unaua kuliko umeme. Ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi. Kwa hiyo jenereta haikai barazani, stoo, gereji wala chini ya dirisha, hata mlango ukiwa wazi na hata mvua ikinyesha. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba yako na ya jirani. Kwa mvua, jenga kibanda cha bati kisicho na kuta, juu ya mashine kwa mita moja au zaidi. Kule Matema kanuni ni hiyo hiyo kwa hema. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu jenereta ikiwa inaunguruma, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha izime, kisha mpeleke hospitali.

Mafuta unaweza kuyapunguza. Friji iliyofungwa hukaa na baridi kama saa nne, na friza iliyojaa hukaa hadi siku mbili. Basi washa jenereta saa moja au mbili, izime, usifungue mlango ovyo. Kabla ya kuizima chomoa vitu vyote, na usiwashe friji tena ndani ya dakika tatu, maana kompresa inahitaji muda presha ishuke. Petroli iongeze injini ikiwa imezimwa na kupoa. Dumu lake liwe la petroli, lisiwe la mafuta ya kula, na likae nje ya nyumba.

Mashine isipotumika mwezi mzima, petroli iliyobaki kwenye kabureta hugeuka gundi na kuziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya jenereta kukataa kuwaka usiku inapohitajika. Funga koki ya mafuta, iache izime yenyewe, au fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage. Kila mwezi iwashe dakika 15 ikiwa na mzigo, pasi ileile itafaa.

Kwa safari zenu kuna jambo moja zaidi. Kuanzia kama mita 1,500, injini ya kabureta huweza kupata petroli nyingi kuliko hewa: plagi inakuwa na masizi meusi na moshi unakuwa mzito. Fundi anaweza kukushauri uweke jeti ndogo zaidi. Ukiiweka, Iringa itatulia, lakini ukishuka nayo Matema, ambako ziwa liko chini ya mita 500, mafuta yatakuwa haba na injini itachemka. Kama inawaka na kubeba mzigo bila masizi mengi, iache na jeti yake ya kiwandani. Ikilazimu kubadilisha, hifadhi ile ya zamani na uirudishe kabla ya kuanza safari.